Koki ya rejeta imevunjika: kuitoa na kufunga mpya bila kuharibu tangi

Koki ya kumwagia maji iliyo chini ya rejeta ni kipande kidogo cha plastiki, na dukani ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa. Ghali ni tangi inamokaa, kwa sababu thredi (mistari ya kuzungushia kama ya skrubu) za koki zimeundwa kwenye plastiki ya tangi lenyewe. Koki ikivunjika unanunua nyingine. Thredi za tangi zikiliwa, unaanza kutafuta rejeta. Kwa hiyo katika kazi hii yote, kila unapojiuliza uongeze nguvu au usubiri, subiri.

Tunazungumzia hasa magari madogo ya Kijapani yanayoingia kwetu yakiwa yameshatumika: IST, Vitz, Passo, Premio, Noah na wenzao. Rejeta zake zina kifua cha alumini katikati (sehemu inayopoza maji), na matangi ya plastiki juu na chini au kushoto na kulia. Futa tope kwenye tangi na mara nyingi utakuta maandishi PA66-GF30, maana yake nailoni iliyotiwa kioo kwa asilimia 30. Ni plastiki ngumu na inastahimili joto, lakini miaka kumi na tano ya kupashwa na kupoa kila siku huifanya iwe kavu. Ikiwa kona za tangi zimepauka, na ukikwaruza kwa ukucha unatoka unga, usihangaike na koki. Tangi hilo litapasuka lenyewe hivi karibuni, na fedha ya kazi hii itakuwa imepotea.

Hakikisha tatizo ni koki kweli

Koki iko sehemu ya chini kabisa, kwa hiyo tone lolote linaloanzia juu huishia kwake na yeye ndiye anayelaumiwa. Osha eneo lote, kausha kwa kitambaa, washa gari hadi lipate moto, kisha angalia kwa tochi. Maji yakianzia kwenye mshono ambapo tangi la plastiki limebanwa na meno ya alumini, iliyochoka ni gasketi ya tangi. Yakianzia kwenye mpira mkubwa wa chini, kaza au badilisha kleni yake, yaani kibanio kinachoushika. Koki inayovuja huacha alama inayoanzia kwenye shingo yake: ukoko wa rangi ya kulanti (kimiminika cha kupozea injini), au mweupe kama umekuwa ukitumia maji ya bomba.

Koki nyingi huvunjikia mkononi mwa mtu aliyekuwa akiikaza. Imevuja kidogo kwa sababu oringi yake, ile pete ya mpira, imekauka, mtu kachukua plaizi, kaizungusha, kichwa kimekatika na mguu umebaki ndani. Koki haizuii maji kwa kukazwa sana, inazuia kwa mpira wake. Mpira ukifa, nguvu ya mkono haiufufui.

Vifaa

Andaa jeki na stendi mbili, beseni pana la lita 8 au zaidi, bisibisi bapa ya zamani usiyoionea huruma, seti ya elenki (funguo za pembe sita), spana namba 10, plaizi ya kubania kleni, mswaki mkuukuu, tochi, karatasi laini za chooni, na kichomeo kidogo cha gesi au jiko la mkaa la kupashia chuma. Kama una ekstrakta ya kutolea skrubu zilizokatika, iweke karibu. Upande wa vinywaji vya gari: kulanti ya kutosha na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma lebo vizuri, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye vidumu vinavyofanana.

Injini za cc 1,000 hadi 1,500 kwa kawaida hubeba kati ya lita 4 na 6 kwa mfumo mzima. Ukimwaga rejeta peke yake utapata nusu au zaidi kidogo, kwa kuwa mengine hubaki kwenye bloku ya injini.

Kumwaga maji bila kuigusa koki

Fanya asubuhi gari likiwa limelala. Hili si pambo. Kifuniko cha rejeta huandikwa namba kama 0.9 au 1.1, nalo ni shinikizo kinaloshikilia. Chini ya shinikizo hilo maji yenye nyuzijoto 110 yanatulia tu, lakini ukifungua kifuniko yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Shika mpira wa juu: ukiwa wa baridi na unaminyika kirahisi, weka kitambaa juu ya kifuniko, zungusha hadi kituo cha kwanza, sikiliza, kisha malizia.

Inua gari kwa jeki mahali palipo sawa, liweke juu ya stendi, vuta breki ya mkono. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Fungua kava ya plastiki ya chini. Bolti zake nyingi ni za spana 10, na vile vibanio vya plastiki vinyanyue kwa bisibisi taratibu.

Sasa achana na koki. Weka beseni chini ya mpira mkubwa wa chini wa rejeta, sogeza kleni nyuma, na uzungushe mpira huo kushoto na kulia hadi uachie kabla ya kuuvuta. Ukiuvuta kwa nguvu ukiwa umegandia, unaweza kukata shingo ya tangi. Ni njia nzuri pia kwa koki nzima iliyojamu: mafundi wengi wazoefu huwa hawaigusi koki ya zamani kabisa, humwagia kwenye mpira wa chini.

Kama gari ni la otomatiki, mara nyingi utaona mipira miwili myembamba imeingia kwenye tangi. Hiyo ni ya mafuta ya giaboksi. Usiifungue.

Kulanti iliyotoka ni sumu. Nyingi zina ethileni glaikoli, yenye ladha tamu, na kiasi kidogo kinaweza kumuua mtoto, mbwa au paka. Iweke moja kwa moja kwenye dumu lenye kifuniko na uandike juu yake. Usiitie kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hata kwa muda mfupi, na usiimwage uani, mtaroni au karibu na kisima.

Kutoa kipande kilichobaki

Hapa ndipo pa kutumia muda wako wote. Kwanza piga tochi uangalie una aina gani. Koki nyingi zina thredi, zinafunguka kinyume cha mshale wa saa. Nyingine zina masikio mawili na hufungwa kwa robo mzunguko tu. Hizo, ukizungusha zaidi ya robo, unakata masikio.

Safisha mdomo wa tundu kwa mswaki na maji ya moto kidogo. Chumvi iliyoganda ndiyo inayokamata thredi, na mara nyingi kipande kinachoonekana kimekufa huanza kucheza baada ya kulowekwa kwa dakika kumi. Kama kimebakiza ncha ya kushika, jaribu kwa plaizi ndogo: nusu milimita kushoto, nusu milimita kulia, kabla ya kufungua.

Kisipokuwa na pa kushika, tumia chuma cha moto. Mguu wa koki kwa kawaida una tundu katikati. Chagua elenki kubwa kidogo kuliko tundu hilo, au bisibisi bapa iliyo nyembamba kuliko kipande chenyewe. Ipashe ncha yake sekunde chache, kiasi cha kuyeyusha plastiki bila kuiunguza. Chuma kikiwa chekundu kimezidi, na kitayeyusha hadi thredi za tangi. Isukume ndani milimita 5 au 6, katikati kabisa, uishike bila kutikisika. Kisha iache humo ipoe kwa dakika kumi, hadi ukiigusa haina joto. Plastiki inakuwa imeganda kuizunguka elenki na kuikamata. Sasa zungusha polepole kinyume cha saa. Ukiharakisha kabla haijapoa, elenki itazunguka kwenye uji na tundu litapanuka. Fanya hivi mahali penye hewa, moshi wa plastiki hizi unachoma macho na kifua.

Ekstrakta nayo inafaa, ila kwa mkono mwepesi. Umbo lake limechongoka, kadiri inavyoingia ndivyo inavyotanua kipande na kukibana zaidi kwenye thredi. Ikishauma, acha kuisukuma, zungusha tu. Na usidanganyike na skrubu ya mbao. Thredi zake ni za kawaida, kwa hiyo ukiizungusha upande wa kufungulia koki, skrubu inajifungua yenyewe na kutoka, huku kipande kikibaki pale pale. Skrubu inafaa kwa koki ya masikio pekee, ambapo unahitaji kuvuta.

Drili iwe ya mwisho kabisa, na afadhali rejeta iwe imetolewa kwenye gari. Ukuta wa koki ni mwembamba; drili ikienda upande nusu milimita imeshakula tangi, na huwezi kulirudisha. Ukilazimika, tumia drili ya mkono iliyo ndogo kuliko kiini cha thredi, halafu kunja ganda lililobaki kuelekea ndani kwa sindano nene na ulivute nje vipande vipande.

Kipande kikitoka, kipange na kichwa chake kwenye karatasi. Kikikosekana kitu, kimeingia ndani ya tangi. Pitisha maji ya bomba kutoka mdomo wa juu, yatoke kwenye tundu la koki na la mpira wa chini, hadi yawe safi. Njia za maji ndani ya kifua ni nyembamba sana, kipande kidogo kinatosha kuziba kadhaa.

Kununua koki inayolingana

Usimwambie muuzaji "nipe koki ya IST" ukaondoka. Rejeta nyingi kwenye magari haya zimeshabadilishwa, nyingine Japani na nyingine hapa, na koki hufuata aliyetengeneza rejeta. Tafuta jina kwenye tangi: Denso, Calsonic, Koyo, au chapa nyingine. Nenda Gerezani kama uko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, ukiwa na vipande vyote vya zamani.

Dukani laza koki mpya juu ya ya zamani, thredi kwa thredi, uzitazame dhidi ya mwanga. Meno yaingiliane mwanzo hadi mwisho bila upenyo. Kama meno matatu ya kwanza yanakaa na la nne linapanda juu, si yenyewe, hata kama unene unafanana. Kisha linganisha urefu wa mguu na mahali mpira unapokaa: nyingine zina oringi kwenye ncha ndani, nyingine washa ya mpira chini ya kichwa. Ukiweka ya ncha kwenye tangi la washa, haitazuia maji hata uikaze vipi.

Koki iliyotumika iliyong'olewa kwenye rejeta nyingine hatuishauri. Ina umri ule ule wa iliyovunjika. Ukikosa mpya na kulazimika, angalau badilisha oringi yake. Epuka pia bolti ya chuma "inayokaribia". Itajichongea njia yake kwenye nailoni, itashika wiki mbili, kisha joto litapanua vitu viwili tofauti kwa viwango tofauti na uvujaji utarudi, safari hii kwenye thredi zilizoharibika.

Kufunga

Kausha tundu. Kagua thredi kwa tochi, ondoa uchafu kwa mswaki, usipitishe chuma. Lowesha oringi kwa kulanti au grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya bearingi na oili ya injini zisikaribie hapo: mpira unaotumika kwa kulanti huvimba na kulainika ukikutana na mafuta ya petroli.

Ingiza koki kwa vidole, kisha kwanza izungushe kinyume, taratibu, huku umeisukuma kidogo. Utaisikia ikidondoka kidogo, tiki. Hapo jino la koki limefika mwanzo wa jino la tangi. Kuanzia hapo geuza upande wa kukaza. Iende kwa vidole viwili hadi mwisho. Ikigoma kabla ya mizunguko miwili, imeingia kombo. Irudishe yote uanze upya.

Kichwa kikifika, ongeza kati ya moja ya nane na robo ya mzunguko, basi. Plaizi iweke chini. Utepe mweupe wa mafundi bomba usiuzungushe hapa, kwani unaongeza unene kwenye thredi na shingo ya plastiki hupasuka kwa urefu, ufa ambao huuoni hadi gari lipate moto. Silikoni ya gasketi na gundi ya papo kwa papo nazo hazihitajiki, na siku ya kufungua koki tena zitakugharimu rejeta.

Kujaza na kutoa hewa

Rudisha mpira wa chini, kleni ikae juu ya alama yake ya zamani. Jaza kwanza maji yaliyosafishwa peke yake hadi mdomoni, injini ikiwa imezimwa, funga karatasi laini kavu kuzunguka koki na usubiri dakika kumi na tano. Karatasi ikilowa, afadhali umejua sasa kabla hujamimina kulanti. Ikibaki kavu, yamwage kupitia mpira wa chini na ujaze mchanganyiko. Kama huna muda huo, jaza kulanti moja kwa moja, lakini karatasi usiiruke.

Nusu kulanti nusu maji ndiyo kawaida, isipokuwa kama chupa imeandikwa kwamba imeshachanganywa. Hiyo haiongezwi maji. Wengi husema huku hakuna baridi kwa hiyo maji matupu yanatosha. Kulanti pia inalinda alumini isiliwe na kuinua kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima cha Dar es Salaam, mengi yakiwa na chumvi, yanakula rejeta ya alumini kutoka ndani na kuijaza ukoko. Rangi ya kulanti nayo si kipimo cha aina, soma chupa.

Mimina polepole, ukiminya mpira wa juu mara kwa mara mapovu yatoke. Ukiweza, pua ya gari iwe juu kidogo. Weka hita kwenye joto la mwisho, washa injini kifuniko kikiwa wazi, isimame bila kukanyagwa. Kwenye Toyota nyingi themostati (vali inayoruhusu maji kupita injini ikipata moto) hufunguka karibu na nyuzijoto 82. Hapo mpira wa juu utapata moto ghafla na maji yatashuka. Ongeza. Mapovu yakiisha na hita ikitoa hewa ya moto kweli, funga kifuniko, jaza tangi la akiba hadi alama ya FULL, na uache injini hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Hita ikitoa hewa baridi huku injini ina moto, bado kuna hewa ndani.

Sasa mfumo una shinikizo. Badilisha karatasi kwenye koki, mikono ikae mbali na feni. Zungusha gari mtaani kilomita chache, lipoe usiku kucha, asubuhi fungua kifuniko na uongeze kilichopungua. Kushuka kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Ikishuka tena siku ya tatu, kuna mahali panavuja.

Magari kama Vitz na Passo mengi hayana mshale wa temperecha, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Na sensa hupima maji. Yakiisha yote, inabaki kwenye hewa na inaweza kuchelewa kuonya huku silinda hedi inapinda. Kwa wiki ya kwanza kagua kiwango kwa macho kila asubuhi.

Kama thredi za tangi zimeshaliwa

Kuna plagi ya mpira ambayo ukikaza bolti yake ya katikati inatanuka na kubana kutoka ndani. Inazuia maji kwa muda, kwa mizunguko ya mjini. Mafundi rejeta wazuri wanaweza kufungua meno ya alumini, kubadilisha tangi zima na kuweka gasketi mpya, na kazi hiyo ikifanywa vizuri inadumu. Gundi ya chuma ya mirija miwili haishiki nailoni kwa dhati. Joto la kila siku litaiachia. Kwa gari linalopanda mlima mkali kama Kitonga likiwa na abiria na mizigo, tunashauri rejeta nyingine bila kusita.

Ukinunua rejeta iliyotumika, jaribu koki yake kwa vidole palepale dukani, na uombe ipimwe kwenye beseni la maji kwa upepo usiozidi namba ya kifuniko. Wanaopima kwa upepo wote wa kompresa wanaweza kukupasulia nzima.

Ikikatikia njiani

Zima injini mara moja, usijaribu kufika mbele kidogo. Ipoe kabisa. Chonga kijiti kikavu kiwe na ncha iliyochongoka, kizungushie ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, kisukume kwenye tundu kwa mkono bila kukigonga, na ukifunge kwa waya kwenye chuma cha karibu kisitoke. Jaza maji uliyonayo. Kifuniko kikaze hadi kituo cha kwanza tu ili shinikizo lisijengeke na kukirusha kijiti.

Bila shinikizo maji yatachemka mapema: Mbeya au Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ni karibu na nyuzijoto 94. Zima AC, fungua hita yote, nenda mwendo mdogo, simama kila baada ya kilomita chache ukague maji gari likiwa limepoa, na uishie gereji ya kwanza.